Saa ya Muuguzi na Kifua cha Kibano

Kibano hakuwa na baba. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na koti la mvua, wala hakuwa na viatu vya pili vya kubadilisha vile vya kwanza vilipolowa. Hakuwa na chumba chake mwenyewe. Alilala sebuleni, nyuma ya pazia la maua yaliyofifia. Hakuwa na ndevu, ingawa alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa, na mdogo wake wa kike hakuchoka kumkumbusha jambo hilo. Hayo yote alikuwa ameyazoea. Kitu kimoja tu alichokikosa ndicho kilichomnyima raha: hakuwa na jina la ugonjwa wake.

Kazi yake ilikuwa kujifunza ufundi saa. Wateja ndio waliomwita Kibano, maana hakuonekana bila kibano chake cha chuma. Alikichomeka nyuma ya sikio kama seremala anavyochomeka penseli. Duka lilikuwa chumba chembamba, hatua mbili kwa hatua nne, kati ya fundi viatu na muuza madaftari. Ukutani zilining'inia saa kumi na mbili, na kazi ya kwanza ya Kibano kila asubuhi ilikuwa kuzijaza ufunguo, moja baada ya nyingine, kisha kuzilinganisha mpaka zote ziseme neno moja.

Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kengele. Mtaa mzima ulimwita Mama Saa. Alikuwa na jicho la mwewe na ulimi mkali, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba aliweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga bila kushusha pumzi.

"Saa haidanganyi," alikuwa akisema. "Anayedanganya ni fundi."

Kila aliposikia maneno hayo mwezi ule, Kibano alihisi kama kuna mtu amemkandamiza kwa kidole gumba, kushoto kidogo ya katikati ya kifua. Maumivu yalikuja bila hodi. Yalikuja akiwa ameinamia saa, yalikuja akiwa anakunywa chai, yalikuja hata akiwa anacheka. Yakija, moyo ulikwenda mbio na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni. Hapo alijifanya anatazama saa ya ukutani, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo. Tisini na sita. Anahesabu tena. Mia na nne. Anahesabu tena. Kadiri alivyohesabu ndivyo yalivyozidi.

Siku moja alijikaza akaenda kumweleza muuza dawa wa pale kona. Muuza dawa alimtazama toka juu hadi chini, akacheka.

"Kijana kama wewe, kifua? Huna kitu. Nenda kacheze mpira."

Kibano aliondoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa akiiba. Hakurudi tena, na hakumwambia mtu mwingine.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Baba yake, aliyekuwa seremala, alianguka karakanani miaka minne iliyopita, randa ikiwa bado mkononi. Alishika kifua, akakaa chini juu ya maranda, hakuinuka tena. Siku za matanga, baba mdogo wake alimshika Kibano begani mbele za watu akasema, "Tazameni, huyu ni baba yake mtupu! Sura, mikono, hata kifua." Baba mdogo alikusudia kumsifu. Lakini neno lile liliingia kwa Kibano likakaa.

* * *

Jumatano asubuhi, muuguzi wa zahanati ya mtaani aliingia dukani kwa hatua za haraka. Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya kaunta kwa kishindo.

"Fundi, hii ni mara ya tatu. Jana nimeilinganisha na saa ya zahanati. Leo iko mbele dakika ishirini!"

Kibano aliijua saa ile vizuri. Alikuwa ameifungua mara mbili, akaisafisha kila jino la kila gurudumu, akaitia mafuta kwa ncha ya sindano. Hakuona kilichovunjika, hakuona kilicholika, hakuona hata chembe ya vumbi. Na siku hiyo kifua kilikuwa kimemwanza mapema.

"Saa yako haina kitu, dada," alijibu kwa ukali ambao yeye mwenyewe hakuutarajia. "Labda unaitazama vibaya."

Muuguzi alishika kiuno. "Naitazama vibaya? Mimi nilianza kutazama saa wewe hujaota meno! Na ndevu nazo naona bado." Fundi viatu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaangua kicheko. Lakini muuguzi hakucheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwa saa hii nahesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa. Saa ikikimbia, namwambia daktari uongo bila kujua. Hujui ni jambo zito hilo?"

Mama Saa aliinua kichwa, kioo cha kukuzia kikiwa bado kwenye jicho lake la kulia.

"Kibano! Mteja akisema saa inaumwa, inaumwa. Ipokee. Na umwombe radhi."

"Niwie radhi, dada," alisema Kibano. Mkono wake ulikuwa umepanda kifuani bila yeye kujua.

Muuguzi aliona. Sauti yake ikashuka. "Na hicho kifua chako kina nini?"

"Hakina kitu."

"Kama saa yangu, siyo?" Muuguzi alitikisa kichwa. "Zahanati ni pale ng'ambo ya barabara. Njoo tukupime."

"Nitakuja," alisema Kibano, na hakukusudia kwenda. Alihofia mambo mawili, na hakujua lipi ni baya zaidi: kuambiwa ana moyo wa baba yake, au kuambiwa tena hana kitu.

Jioni, mama yake alirudi kutoka jikoni mwa shule alikokuwa mpishi. Kabla hata ya kufungua kitambaa cha kichwa, aliuliza swali lake la kila siku.

"Barua ya chuo haijafika, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Wanaileta kwa kobe?" alisema mdogo wake, aliyekuwa mezani na daftari la hesabu. "Tena kobe mwenyewe anachechemea."

Mama alicheka. Kibano naye alijaribu kucheka, lakini gumba lile likamkandamiza tena. Alijificha nyuma ya pazia, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Mara pazia likafunguka kidogo.

"Kaka, unahesabu nini?" aliuliza mdogo wake kwa kunong'ona.

"Nakumbuka kazi ya kesho."

"Kazi ya kesho iko mkononi mwako?" Msichana alimkazia macho, akarudi mezani polepole.

Ukweli ni huu: barua ilikuwa imefika wiki nne zilizopita. Mtu wa posta aliileta dukani Mama Saa akiwa hayupo. Chuo cha mafundi wa vifaa vya hospitali kilikuwa kimempa Kibano nafasi ya miaka miwili, ajifunze kutengeneza mashine za kupimia wagonjwa. Mama Saa mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza. Lakini chuo kilikuwa mbali, safari ya siku mbili. Kibano aliposoma ile barua, hakuona madarasa wala mashine. Alijiona ameanguka sakafuni kati ya watu wasiomjua, bila hata mmoja wa kumshika kichwa. Hapo ndipo kifua kilipomkamata kwa mara ya kwanza. Akaikunja barua, akaificha chini kabisa ya sanduku la saa mbovu. Sasa ilikuwa Jumatano, na barua ilisema majibu yapigwe mhuri wa posta kabla ya Ijumaa kuisha. Baada ya hapo, nafasi angepewa mwingine.

* * *

Alhamisi, saa tatu asubuhi, aliifungua saa ya muuguzi kwa mara ya tatu. Alipokuwa akiinua daraja la gurudumu, kile kibati kinacholishikilia, kibano kilianza kutetemeka mkononi. Skrubu ikadondoka. Hewa ikawa nzito. Alivuta pumzi, haikutosha. Akavuta nyingine haraka, haikutosha. Vidole vikafa ganzi na midomo ikamwasha. Kifua kikabana kana kwamba mtu anakaza bolti ndani. Saa zote kumi na mbili zilisikika kwa mpigo, na yeye akawaza: hivi ndivyo ilivyokuwa kwa baba.

"Mama," alisema. "Mama Saa, ninakufa."

Mama Saa hakupiga kelele. Aling'oa kioo jichoni, akazunguka kaunta kwa wepesi usiotarajiwa kwa mwili wake, akamwita fundi viatu. Wakamshika Kibano huku na huku, wakavuka naye barabara, huku Mama Saa akisimamisha magari kwa mkono mmoja kama askari.

Zahanati walimlaza kitandani mara moja. Yule muuguzi alimshika mkono. Kwa kuwa saa yake ilikuwa dukani, alihesabu mapigo kwa saa ya ukutani. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimsikiliza kifua na mgongo, akampima shinikizo la damu, akamtoa damu, akambandika nyaya kifuani. Mashine ikachora mistari ya vilima kwenye karatasi ndefu. Kibano aliitazama ile karatasi kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

Baada ya muda mrefu, daktari alivuta kiti.

"Moyo wako nimeupima. Uko salama."

Machozi yalimlenga Kibano, lakini hayakuwa ya furaha tu. "Kwa hiyo sina kitu? Najifanya?"

"Nani kasema hivyo? Umeumia kweli. Nimekuona ukitetemeka, nimekuona unatoka jasho. Hofu ikikaa mwilini muda mrefu, inakaza misuli ya kifua, inapeleka moyo mbio, inakata pumzi. Wewe ukiona hivyo unaogopa zaidi, nao mwili unazidi. Maumivu ni ya kweli. Chanzo chake ndicho kisichokuwa moyoni."

Alimfundisha kuvuta pumzi polepole kwa pua, tumbo liinuke, kisha kuitoa taratibu zaidi kuliko alivyoivuta, kama anayepoza chai. Akamwambia aache kuhesabu mapigo, na arudi baada ya wiki mbili. "Na maumivu yakija ya namna nyingine, yakishuka mkononi au kupanda tayani, au ukizimia, usingoje mtu akuambie. Njoo hapo hapo. Kuja kupimwa si aibu." Kisha akauliza, "Yalianza lini? Siku hiyo kulitokea nini?"

Kibano alimtazama Mama Saa, aliyekaa kwenye benchi huku kapakata mkoba wake.

"Sikumbuki," alisema.

Daktari hakumlazimisha. "Kumbuka taratibu. Kuna kitu kiliingia."

* * *

Waliporudi dukani, Mama Saa alimkalisha Kibano kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaiokota ile skrubu, akaiunga saa ya muuguzi mpaka ikaanza kwenda. Kisha akasimama akiitazama, uso umekunjamana. Ghafla akajipiga paji la uso.

"Uzee huu! Na kiburi changu!"

Akafungua droo, akatoa dira ndogo ya shaba, ile inayoonyesha kaskazini. Akaiweka juu ya saa. Mshale wa dira, badala ya kutulia, ukaanza kutetemeka kushoto na kulia, ukifuata mapigo ya saa.

"Umeona?"

"Sumaku," alisema Kibano taratibu.

"Sumaku! Imeingia kwenye springi nyembamba kama unywele. Mizunguko yake inanatana, springi inakuwa fupi, saa inakimbia. Wewe umefungua mara tatu unatafuta kilichovunjika. Hakuna kilichovunjika. Ukamwambia mwenyewe haina kitu." Mama Saa alinyoosha kidole. "Nami nimekaa hapa na miaka thelathini ya ufundi, sikukumbuka dira. Saa hii ilikuwa nzima, na ilikuwa inaumwa. Yote mawili ni kweli."

Mlangoni akatokea muuguzi, amekuja kumtazama mgonjwa. Mama Saa hakumpa nafasi ya kusalimu.

"Dada, saa yako unailaza wapi?"

"Juu ya redio, karibu na kitanda. Kwa nini?"

"Kwenye spika! Ndani ya spika kuna sumaku kama kwato la farasi. Kila siku saa yako inaimeza." Akaipitisha saa katika tundu la kifaa chake cha umeme cha kuondoa sumaku, akaivuta polepole mpaka mbali. Akairudisha kwenye dira. Mshale ukatulia kimya.

Muuguzi alipokwenda zake, saa mkononi na ahadi ya kuhamisha redio, Mama Saa alimgeukia Kibano.

"Na wewe, bwana mdogo? Umelala juu ya redio gani?"

Kibano aliutazama mshale uliotulia. Akainuka, akavuta sanduku la saa mbovu, akaingiza mkono mpaka chini. Bahasha ilitoka na alama za mafuta kwenye pembe. Akaiweka mbele ya Mama Saa, akarudi nyuma hatua moja.

Mama Saa alisoma tarehe. Uso wake ukabadilika.

"Wiki nne?" Sauti yake ya kengele ilikuwa imekatika. "Kila Jumatatu nimekwenda posta kuuliza. Nimegombana na watu wa pale, nimewaita wavivu mbele za watu. Kumbe barua iko chini ya makalio yangu?"

"Nisamehe, Mama. Niliogopa kufia huko kama baba. Nikasema haijafika. Kisha kila mlipouliza nikalazimika kusema tena."

Saa za ukutani zilipiga saa saba, zote kwa pamoja.

"Umeniumiza," alisema Mama Saa. "Hilo nitakusamehe, lakini si leo, leo nina hasira. Kesho ni Ijumaa. Nenda nyumbani ukamwambie mama yako. Hilo siwezi kukufanyia."

Jioni, nyumbani, mama yake alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha kichwa mkononi. Kibano alimweleza yote: barua, uongo, mapigo, yale maneno ya baba mdogo. Alipomaliza, alingoja kukaripiwa. Mama alikaa kitini pole pole.

"Kumbe umebeba hilo peke yako," alisema. "Mwanangu, baba yako hakuanguka ghafla. Aliumwa mwaka mzima. Nilimwona akishika kifua, akaniambia ni vumbi la mbao. Nikamsihi aende kupimwa, akasema mwanamume hujikaza. Hukuambiwa kwa kuwa ulikuwa mdogo, na mimi sikupenda kulisema. Nami nimekosea." Alimshika mkono. "Umefanana naye sura. Lakini yeye hakupimwa. Wewe umepimwa."

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya pazia. "Na kobe je?" aliuliza.

"Kobe alifika zamani," alisema Kibano. "Mimi ndiye niliyemficha."

* * *

Ijumaa asubuhi, kabla ya kujaza saa ufunguo, Kibano alikaa kwenye kaunta na fomu ya chuo. Aliandika jina, umri, anwani. Alifika kwenye swali la tisa: *Je, una maradhi yoyote unayotibiwa?* Kalamu ikasimama.

"Nikiandika ukweli wanaweza kuninyima nafasi," alisema.

"Wanaweza," alijibu Mama Saa. Hasira yake ilikuwa imepungua, haijaisha.

"Na nikiandika hapana?"

"Utaipata nafasi pamoja na uongo mwingine wa kulala nao miaka miwili. Kifua ni chako, chagua."

Kibano aliandika: *Nilikuwa na maumivu ya kifua. Moyo umepimwa na uko salama. Daktari anasema ni wasiwasi, na ninaendelea kuonana naye.* Daktari, ng'ambo ya barabara, aliongeza sahihi na mhuri chini yake.

Mama yake alikuja akiwa na aproni ya kazini, kaomba ruhusa ya nusu saa. Mdogo wake alikuja amevaa sare ya shule, akadai yeye ndiye atakayelamba gundi ya bahasha, maana ndiye mwenye mate mengi nyumbani.

"Sikilizeni, na wewe mwenye mate sikiliza zaidi, ungali mdogo," alisema Mama Saa. "Saa ikiumwa, haiwezi kusema, inangoja mtu mwenye dira. Mtu amepewa mdomo. Akiumwa aseme mapema, aende kwa anayejua kupima, na akiulizwa aseme kweli yote, hata ile ya aibu. Nasi tunaosikia tusimwambie mtu kwamba hana kitu kwa kuwa hatujakiona. Basi. Lamba, mama, posta watafunga."

Msichana alilamba. Kibano aliibana bahasha kwa ngumi yake, kutoka pembe hadi pembe, akabandika stempu.

Kwenye foleni ya posta, gumba lile lilirudi. Vidole viwili vya Kibano vilianza kutafuta kifundo cha mkono. Akavizuia, akavirudisha kwenye bahasha. Akavuta pumzi kwa pua mpaka tumbo likainuka, akaitoa taratibu kama anayepoza chai. Kisha mara nyingine, na nyingine. Maumivu hayakuondoka yote. Yalibaki kidogo, kama mgeni aliyekwisha aga lakini bado anatafuta viatu mlangoni.

Karani alipokea bahasha, akatazama tarehe, akainua mhuri. Ulipiga juu ya stempu kwa mlio mmoja mzito. Kisha barua ikatupwa ndani ya mfuko wa safari ya siku mbili.